Maneno Niliyokuambia Uwanjani kwa Baba

Ipagala, Dodoma
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Minza,

Mwangaluka. Naanza na salamu ya kwetu kwa sababu hapa sina wa kumpa akaipokea inavyostahili. Majirani zangu Wagogo hunisalimu mbukwa, nami naitikia vizuri tu baada ya miaka yote hii, lakini kuna salamu za mdomo na kuna salamu za kifuani, na hii ya kwetu imekaa kifuani muda mrefu bila kutoka.

Mguu unaendeleaje? Ulisema ile dawa ya kuchua imesaidia, ila ukashindwa kuinama kupalilia. Acha palizi. Mtama uliobaki waachie vijana, wana migongo mizima. Michembe ya viazi vikavu uliyotuma ilifika haijavunjika hata kipande. Naila asubuhi kwa chai, nikiitafuna polepole kwa upande wenye meno. Mimi afya yangu ni ya mtu wa miaka sitini na minne: magoti huanza kulalamika kabla sijaamua kuinuka. Hapa upepo wa kiangazi umeanza, vumbi jekundu linaingia hadi ndani ya sukari. Nyumba mpya zinaota kila upande, wafanyakazi wa serikali bado wanahamia, na shamba la zabibu lililokuwa nyuma ya kwangu sasa ni ukuta wa mtu nisiyemjua.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati tuna simu. Nieleze. Simu yenu huko mnaiwekea sauti kubwa uani, kila mtu asikie kaka wa Dodoma anasema nini. Wajukuu wanacheka, jogoo anawika, na baba mdogo anajibu kabla yako. Mambo haya si ya uani. Nataka uyasome peke yako, ukiwa umekaa. Nilipokufundisha kusoma, nikikuchorea herufi kwenye majivu ya jikoni kwa mama, sikujua kwamba ipo siku nitashukuru kwa ajili yangu mwenyewe. Usimpe mtu akusomee. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yako, na barua inapanda basi la kesho ili initangulie.

Jumanne ulinipigia. Uliniambia Kabula amerudi nyumbani kutoka kwa mumewe, mtoto mgongoni na mkono umefungwa kwa kipande cha khanga. Ulisema kikao cha ukoo kitakaa palepale uwanjani kwa baba, Jumamosi ya wiki ijayo. Halafu ukasema hivi, nayaandika kama ulivyoyasema: "Kaka, njoo umwambie mwanangu yale uliyoniambia mimi. Wewe ndiye mwenye maneno. Mimi ulinieleza vizuri sana siku ile, nikarudi, nikavumilia, na mwisho si nimezeeka kwenye nyumba yangu?"

Nikakujibu, "Nimesikia, mdogo wangu, nitakuja." Ukashukuru, ukakata simu.

Nitakuja, Minza. Lakini maneno yale sitamwambia Kabula. Sina ubishi nawe wala sijasahau mila. Nina sababu, na sababu hiyo ni ndefu, na unanijua, sijawahi kueleza kitu kwa ufupi tangu nizaliwe. Nivumilie.

Unajua nilistaafu ualimu nikiwa na sitini, na wifi yako Rebeka akafariki mwaka uliofuata. Usichokijua ni jinsi nyumba ilivyokuwa baada ya hapo. Nilikuwa naisahihisha redio. Mtangazaji akisema jambo, nami namwelewesha. Siku moja mama anayekuja kunifulia akasimama mlangoni akauliza, "Mwalimu, una mgeni?" Nikasema hapana. Akaangalia redio, akaniangalia mimi, akaenda zake na ndoo. Ndipo nilipojua nimeanza kuharibika.

Mchungaji wetu aliona pia. Akaniomba niwe nazungumza na vijana wanaotaka kufunga ndoa. Nikaona ni kazi yangu kabisa: kukaa mbele, kueleza, kuulizwa maswali mawili, kwenda nyumbani. Baadaye afisa ustawi wa jamii wa kata akaniambia, "Mzee, kazi hii ina mafunzo yake. Kuna cheti cha unasihi wa ndoa na familia, mwaka mmoja. Kwa nini usisome?" Nikacheka. Kisha nikaenda. Nikakaa darasani na watoto wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho, wakaniita Babu, wakanionyesha namna ya kutuma kazi kwa kompyuta.

Nikupe habari moja ucheke kidogo, maana mbele hakuna cha kuchekesha. Wiki ya tatu tulifanya mazoezi. Mwenzangu mmoja alijifanya mteja, mke mwenye matatizo, na mimi nikawa mnasihi. Nikafungua mdomo. Nikamweleza chanzo cha ndoa, nikampa mifano mitatu, nikamnukulia mithali, nikamalizia na usia. Mkufunzi wetu, binti wa rika la mwanangu Sospeter, alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu zote.

"Umemaliza, Mwalimu?"

"Nimemaliza."

"Asante. Mteja wako anaitwa nani?"

Sikujua. Sikuwa nimemuuliza. Darasa lote likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Usiku huo sikulala vizuri. Mkufunzi alitufundisha kwamba swali la kwanza ni moja tu: wewe unataka nini? Ukishauliza, nyamaza. Ukimya ukikuuma, uache uume. Nimefundisha hisabati miaka karibu arobaini, Chemba na hapa mjini, na hakuna mada iliyonishinda kuliko hiyo.

Nikapata cheti. Nikapewa chumba nyuma ya kanisa, kilichokuwa stoo ya saruji wakati wa ujenzi. Nimeweka viti vitatu, jagi la maji, na pazia lile la maua alilolishona Rebeka. Wanakuja, Minza. Wengi ni wafanyakazi waliohamishiwa huku na kuacha wenza wao mbali. Mtu anafika na mke wake wanakaa kama abiria wawili wasiojuana. Wengine wanaishi nyumba moja na wanaandikiana ujumbe wa simu kutoka chumba hadi chumba, "maji yameisha," "mtoto ana homa." Nimejifunza kunyamaza, siyo sana lakini nimejifunza. Na katika uzee huu nikafikiri nimepata kazi niliyoumbiwa, kwamba Mungu alinipitisha kwenye ubao na chaki ili anifikishe kwenye kiti kile.

Sasa naingia kwenye jambo lenyewe.

Miezi miwili iliyopita alikuja mwanamume wa makamo, mkulima wa alizeti kutoka upande wa Mlali, na dada yake. Majina yao sikutajii, kazi yangu inakataza, na hata ningeruhusiwa nisingeyataja. Kaka alikaa. Dada akavuta kiti chake hadi karibu na mlango.

"Shikamoo, mzee," kaka akasema. "Nimekuletea huyu. Amekimbia kwa mumewe mara ya tatu. Nimeambiwa hapa mjini kuna mzee ana maneno. Mwambie arudi."

Ana maneno. Hilo ndilo lililoniponza. Nikasahau swali la kwanza. Nikasahau ukimya. Nikakaa vizuri, nikamtazama yule binti kwa huruma yote niliyokuwa nayo, nikaanza: "Mwanangu, ndoa ni kama jembe jipya. Mpini wake huanza kwa kukuchubua kiganja..."

Unajua yanavyoendelea. Kiganja hutoka damu, kisha hukomaa, kisha jembe na mkono huwa kitu kimoja, na mwenye kulitupa jembe kwa sababu ya malengelenge atakula nini? Wewe ndiye mtu wa kwanza duniani kuyasikia. Niliyatunga kwa ajili yako, asubuhi ile, uwanjani kwa baba. Baadaye niliyasema kwenye harusi nyingi, na watu wakanishika mkono kunipongeza.

Yule dada alinisikiliza hadi nilipofika kwenye malengelenge.

"Samahani, baba. Naweza kuuliza?"

"Uliza, mwanangu."

"Jembe hilo ulilima nalo wewe?"

Kaka yake akageuka. "We! Huyu ni mzee. Hujibizani na mzee."

"Sijajibizana, nimeuliza. Si mmesema hapa ni mahali pa kuuliza?"

Hatimaye nikafanya nilichofundishwa: nikanyamaza. Nje watu wa kwaya walikuwa wakijaribu wimbo na kuukosea palepale kila mara. Kisha akasema, bila kunitazama, "Muulize kaka ng'ombe wangu wako wapi."

Sikumuuliza. Kaka alijibu mwenyewe, akitazama kofia yake. "Wako kwa wakwe zangu."

"Kuna mwekundu mwenye pembe iliyopinda," dada akasema. "Nikipita kwenda kisimani namwona kwenye zizi la wakwe zake. Amezaa. Amenenepa. Yeye kule hapigwi."

Kaka akaanza kulia, Minza. Mtu mzima, ana mikono kama mizizi ya mkwaju. Akasema, "Mzee, mimi nifanye nini? Mke wangu nampenda."

Mdogo wangu, nilikuwa nimejifunza mwaka mzima namna ya kukaa na kilio cha mtu. Kile sikuweza kukaa nacho. Kilikuwa changu. Niliwaambia warudi wiki inayofuata, nikafunga mlango, nikaketi kwenye kile kiti cha karibu na mlango alichokalia yule dada, hadi mlinzi alipokuja kuuliza kama naumwa.

Hawakurudi. Namba ya kaka nimeipiga mara nyingi, haipokelewi. Sijui yule binti yuko kwa nani leo. Alinijia na kitu kimoja cha kuuliza, nami nikampa jembe. Hilo nitakwenda nalo kaburini.

Sasa nikuambie nisichokuambia kwa miaka thelathini na minane.

Ng'ombe wa mahari waliokuja kwa ajili yako, tuliwapokea mimi na baba. Yule dume mweupe, na yule jike mwenye baka kwenye paji la uso uliyesema anafanana na mwalimu mkuu. Hawakumaliza hata kiangazi kimoja kwenye zizi letu. Walikwenda kwa kina Rebeka, ndipo mimi nikaoa. Hilo unalijua, kila mtu alilijua, ndiyo desturi: dada akiolewa, kaka anapata cha kuolea. Usilolijua ni lile lililotokea asubuhi uliporudi nyumbani, umeshika upande wa kichwa, damu imekauka shingoni.

Kabla ya kikao baba aliniita nyuma ya zizi. Akasema, "Minza akibaki hapa, wenzetu watakuja kudai ng'ombe wao. Ng'ombe wako kwa wakwe zako. Utakwenda kuwaambia nini? Watasema chukueni ng'ombe, tupeni binti yetu." Rebeka alikuwa na mimba ya Sospeter ya miezi sita. Nikamwambia baba, "Lakini ameumia." Baba akasema, "Nimeona. Mimi siyo kipofu. Wewe ndiye umesoma. Tafuta maneno."

Nikayatafuta, Minza. Nilizunguka zizi mara moja, nikaona jembe limeegemezwa kwenye miti ya zizi, nikapata maneno. Nilipofika uwanjani nilikuwa na hotuba kamili. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Baba mdogo akasema, "Huyu kijana elimu imemkaa." Wewe ulikuwa umekaa chini. Uliomba maji. Ukanywa, ukarudisha kata, ukasimama, ukaenda.

Sikukuuliza unataka nini. Hakuna aliyekuuliza. Wote tulikuwa tunakueleza.

Nilijiaminisha kwa miaka mingi kwamba siku ile niliokoa ndoa. Ni kweli, niliiokoa moja. Ilikuwa yangu. Na ilikuwa ndoa njema, hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Kama ingekuwa mbaya ningesema tumelipana. Rebeka hakuwahi kunisikia nikimpandishia sauti. Tulicheka sana katika nyumba hii. Kila kicheko, mtu mwingine alikuwa anakilimia kwa mpini unaochubua.

Unapopokea simu, nasikia sauti ikikwaruza kidogo unapoihamisha. Huwa unaanza na mkono wa kushoto, kwa kuwa ndio unaoutumia kwa kila kitu, kisha unakumbuka, unaipeleka sikio la kulia. Nimesikia kikwaruzo hicho kila mara tangu ulipopata simu, na sijawahi kuuliza. Nilijua nikiuliza itabidi uniambie sikio la kushoto liliacha kusikia lini.

Na shemeji Ndaki alipofariki, mimi ndiye niliyesimama kuzungumza kwa niaba ya upande wetu. Nikasema ninyi wawili mlikuwa mfano wa kuvumiliana. Nilikuona ukitazama viganja vyako. Nikafikiri ni majonzi.

Minza, najua ninachokuomba, na ndiyo sababu nimeandika kurasa zote hizi kabla ya kukiomba. Ukiniruhusu niseme Kabula hatakiwi kuvumilia, utasikia kana kwamba nasema miaka yako ilikuwa ya bure. Umejenga nyumba juu ya miaka hiyo. Umelea watoto, umepata heshima, wanawake wenzio wanakuja kukuuliza uliwezaje. Sitaki kuivunja nyumba hiyo kwa mkono uleule uliokupeleka huko. Uvumilivu wako ulikuwa kitu kikubwa. Nakuambia kama mtu ambaye sasa anaiona kazi hii kila wiki: ulifanya jambo ambalo watu wenye nguvu wameshindwa. Lakini ulilifanya kwa sababu mlango wa nyumbani ulikuwa umefungwa, na aliyekuwa ameushika kwa ndani ni mimi. Usimfanye Kabula ashukuru kwa mlango uliofungwa.

Najua pia kilicho nyuma ya kikao hiki, kwa sababu kilikuwa nyuma ya kile kingine. Mwanao Masanja ameoa baada ya mavuno yaliyopita, kwa ng'ombe wa dada yake. Ni kijana mzuri, mkewe pia binti mzuri, na leo hii najua anazunguka zizi akitafuta maneno. Mwambie aache kutafuta. Kule Chemba, kwa rafiki yangu mfugaji niliyewafundisha watoto wake, nina ng'ombe wachache. Nilianza kuwaweka hapo nilipokaribia kustaafu, wakazaliana, nikawa nasema ni wa uzee wangu. Wanatosha. Nimeshazungumza na rafiki yangu, na lori litakuja nyuma yangu. Kama Kabula atasema hataki kurudi, wakwe zake watachukua hao, na ndoa ya Masanja haitaguswa. Usinishukuru. Ni ng'ombe wako, mdogo wangu. Wamechelewa tu, na wamekuta umeshalipa kwa sikio.

Nimesema "kama Kabula atasema." Hilo ndilo jambo ambalo hukuniambia kwenye simu: yeye mwenyewe anataka nini? Muulize kabla ya Jumamosi. Mkae wawili, mpe maji, muulize, halafu usiseme kitu. Akisema anataka kurudi kwa mumewe kwa masharti, tutayasikiliza masharti yake, na mume naye ataitwa akae kwenye kiti. Akisema hataki, basi. Lakini mkono ule usisubiri kikao. Mpelekeni zahanati mara ukimaliza kusoma barua hii, waandike walichokiona, na wakiwaelekeza dawati la polisi linaloshughulikia mambo haya, mwende. Baba mdogo atasema mambo ya ndani hayapelekwi nje. Mwambie kaka amesema.

Na wewe je? Ningependa kukuuliza swali lilelile, ingawa limechelewa kuliko ng'ombe. Siku ile uwanjani, ulipoomba maji, ulikuwa unataka nini? Huna lazima ya kunijibu. Ukitaka kunijibu kwa hasira, nitaipokea, nimefundishwa namna. Ukitaka nisiyataje haya mbele ya ukoo, ichome hii barua jikoni, ukinipokea Alhamisi nitaona usoni na sitayataja. Nitazungumza habari ya Kabula peke yake. Lakini ukiniruhusu, nitasimama palepale nilipokuwa nimesimama, nitawaambia wazee nilikuwa nalinda nini siku ile. Walinisikia nikisema uongo kwa ufasaha. Wana haki ya kunisikia nikisema ukweli kwa kigugumizi.

Nisalimie baba mdogo, umwambie elimu bado haijanikaa. Msalimie Masanja mwanao, na mkewe umwambie asiwe na hofu, hakuna anayekuja kumchukua. Wajukuu wako wapige busu kila mmoja kwa niaba ya babu yao wa Dodoma; nitawaletea zabibu, zikifika zimepondeka tutazila hivyohivyo. Kabula mwambie mjomba wake anakuja, na kwamba hapa Ipagala kuna chumba chenye dirisha linalotazama mashariki, hakina mtu tangu Sospeter alipooa.

Kuna salamu nyingine ambayo si yangu. Siku za mwisho pale wodini, wifi yako Rebeka alinishika mkono akasema, "Ukienda nyumbani, mwambie Minza asante." Nikamuuliza asante ya nini. Akanitazama, akasema, "Wewe ni mwalimu. Utajua." Nilikuja nyumbani mara mbili baada ya hapo, na sikuifikisha. Nimeishika miaka mitatu kama mtu aliyetumwa kitu akakila njiani. Naifikisha leo. Rebeka anasema asante.

Alhamisi jioni nitakuwa nimefika, magoti yakikubali. Usinipikie kitu kikubwa. Jumamosi watakapoweka viti uwanjani, waambie wasinipe kile cha mbele. Nitakaa karibu yako, upande wa kulia, ili ukisema neno nami nikikujibu, usikie.

Kaka yako,
Mabula